Hukumu Niliyompa Rais wa Dola Ishirini

Jumatano, Mei 2007. Al Barsha, huku Uarabuni. Joto la kunata, vumbi limeficha hata jengo la jirani, nami najichukia.

Leo shuleni kwa mjukuu wangu Salma walimpandisha kizimbani, kwa maigizo, rais wa saba wa Marekani: shujaa au dhalimu? Mwalimu alipojua kwamba nilisomesha historia miaka mingi, aliniomba niwe hakimu. Salma akapewa kumshitaki. Rima, msichana wa Kilebanoni, akapewa kumtetea. Wazazi walijaa.

Kwa asiyemjua, nieleze. Rais huyu alikua yatima, akawashinda Waingereza vitani, akajiita mtetezi wa mtu wa kawaida. Huyohuyo alimiliki watumwa, akatia saini sheria ya kuwaondoa wenyeji kwenye ardhi ya mababu zao. Maelfu walikufa njiani kwa baridi, njaa na maradhi. Mizani ya kumwokoa mtu huyo siijui.

Salma aliyasema yote haya, kwa tarehe na kwa ushahidi. Rima akanyanyua picha ya noti ya dola ishirini yenye sura ya rais. "Mtu mbaya huwekwa kwenye pesa?" Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Ikabaki hukumu yangu.

Sisi tumelelewa kwamba mzee anayegawa humpa wake mwisho. Nikawaona wazazi wananitazama: huyu babu atampa mjukuu wake tu. Nikasimama, nikakohoa, nikasema, "Shujaa."

"Mashallah, mzee! Huna upendeleo," baba yake Rima akaniambia, kanishika mkono.

Nami nikafurahi. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi.

Garini, tulipofika kwenye taa za barabarani, Salma akanigeukia.

"Babu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu."

"Kwani wewe waamini alikuwa shujaa?"

"Hata kidogo. Alikuwa dhalimu."

"Basi mbona hukusema mbele yao?"

Nikaanza kumweleza, kama kawaida yangu, habari za uadilifu na midomo ya watu. Akageukia dirishani. "Khalas, Babu. Ushaeleza."

Wale watu walifukuzwa makwao wakafia njiani, nami nimewatoa kafara ili nisifiwe na bwana ambaye hata jina lake silijui.

Jioni nimemwambia Salma kwamba kesho nitakwenda darasani kwake kuitengua hukumu. Amekataa katakata. "Usije! Watasema nimekwenda kulia nyumbani."

Huenda kweli watasema. Lakini nikikaa kimya, darasa zima litakua likijua kwamba mzee aliyesomesha historia alimsafisha yule mtu, na Salma atajua kwamba ukweli wake haukutosha.

Nitakwenda. Na neno langu la kwanza mbele yao litakuwa kwamba Salma alinikataza.