Kwa Kakule, Aliyechunga Barabara ya Maboya

Ndugu yangu Kakule,

Ni mimi Salumu, dereva wa Beni. Nimechoka, donc nitaandika polepole. Kamio yangu imelala ku mutelemuko ya Maboya tangu jana, matope imefika ku milango, na hakuna mutu wa kuivuta.

Misimu mbili ya mvula imepita tangu tukuzike kwenu Masereka. Barabara haikungoja. Zamani nilitoka Butembo asubuhi, nikala chakula ya midi, ya saa sita, kwangu Beni. Leo ni siku mbili, mara ingine tatu. Mifereji imejaa majani, maji inatembea katikati ya barabara kama iko kwake. Na barrière, ile muti ya kuzuia kamio ulikuwa unafunga kila mvula ikinyesha mpaka udongo ikauke, basoda, baaskari, balifanya kuni.

Ku ile barrière njo tulijuana. Nilikuwa na ndizi inaiva, nikakutukana sana. Wewe ulinipa kiti na kahawa, ukanieleza kama kamio moja tu ku udongo mubichi inaharibu kazi ya mwezi muzima. Kisha ukanionyesha cahier yako, daftari ya kazi: miaka kumi ya barabara. Mwaka ya kwanza, kufungua mifereji yote. Mwaka ya tatu, kubadilisha mabomba ya kupitisha maji chini. Mwaka ya sita, kupanda miti ku mulima ili udongo isiteremuke. Mimi nilicheka. Tulikuwa tumetoka tu kupata uhuru, muzungu wako, mukubwa wa kazi ya barabara, alikuwa amekimbia na funguo ya depo, hatukujua nani atatawala mwezi inakuja, na wewe unapanga miaka kumi! Ulijibu, bila hata kuinua macho: "Mvula hapana inauliza nani anatawala."

Kisha Basimba, bale baasi, balikuja. Balivunja daraja ya barabara yako ili basoda ya Leta, ya serikali, basipite. Balipokimbia, wewe na batu yako munane mulikata miti, mukaijenga tena kwa siku tano. Kamio yangu ilipita ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya basoda. Commandant yabo aliuliza nani alijenga. Ulisema ni wewe. Akasema mutu anayejua kujenga daraja upesi hivi, njo huyo alionyesha Basimba namna ya kuivunja. Bakakulaza chini, bakakupiga na mikanda.

Commandant akageuka kwangu. "Wewe dereva, unamujua huyu?"

Neno moja ingetosha, Kakule. Alikuwa na lazima ya kamio yangu, angenisikia. Nilisema: "Hapana. Mimi ninapita tu."

Uliniangalia. Haukuwa na kasirani. Ile njo inanichokesha mpaka leo.

Kifua yako haikupona tangu ile kupigwa. Nilikuja kukuona mara mbili mbele ya kufa kwako. Tuliongea juu ya mabomba. Ya daraja, hapana.

Bibi yako Kavira alinipa cahier. Niliipeleka ku bureau ya barabara. Secrétaire aliifungua, akaifunga, akasema barabara ile haiko mu programme. Nikarudi nayo. Niliisomea badereva benzangu ku soko ya Butembo. Bengine balicheka, lakini kumi na moja balikuja na majembe, tukafungua mifereji ya kilima kimoja, siku tatu. Mvula ilipokuja, maji ilipita pembeni. Kilima kimoja, Kakule. Inabaki mingi, na mugongo yangu imezeeka.

Mwezi inakuja tutaanza kilima ya pili. Nitafuata cahier mwaka kwa mwaka, hata kama mwaka moja ya cahier itakamata miaka tatu.

Na hii ingine. Kila nikipanda Masereka kutafuta viazi, Kavira ananipikia. Anabaambia batoto: huyu alikuwa rafiki ya baba yenu. Hajui. Siku ya Mungu, Jumapili inakuja, nitaenda, nitakaa mbele yake na ya batoto yako, nitabaambia nilisema nini ku daraja. Akinifukuza, nitaondoka bila kujitetea, na mifereji nitaendelea kufungua.

Pumzika, ndugu yangu. Nilikuwa ninakujua.

Salumu