Wito Ambao Sikukupisha

Muscat

Mdogo wangu mpendwa Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwenye baridi ya Mbinga, na kile kifua kinachokusumbua kila msimu wa kuchuma kahawa kimetulia. Na mama miguu yake inaendeleaje? Aliniambia kwenye simu kwamba imevimba, kisha akageuza maneno akaanza kunisimulia jinsi dagaa wa usipa walivyojaa ziwani Lituhi mwaka huu. Mimi ni mzima wa afya. Najua sasa watu wote wanakuita Sista, hata mama, lakini humu nitakuita Skola, uniwie radhi.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijamaliza. Barua naipa mama mmoja wa Songea anayerudi likizo. Ameahidi kuifikisha mkononi mwako kabla ya siku ya nadhiri zako za daima.

Kazi yangu ni ileile, kumtunza Bibi, mama mzazi wa bosi wangu. Upande mmoja wa mwili wake haufanyi kazi, kwa hiyo namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Wiki tatu zilizopita namgeuza, akaniambia, "Otilia, siku hizi mikono yako ina hasira. Nani kakukosea?"

"Hakuna, Bibi."

"Ninayeshikwa ni mimi. Nambie."

"Mdogo wangu."

"Kafanya nini?"

"Anampa Mungu maisha yake yote."

Nilimaliza kumgeuza, nikamwekea mto mgongoni. Kisha akauliza, "Na wewe uliyataka hayo?"

"Nilitamani niyatake, Bibi," nikamjibu.

Skola, nakuonea wivu. Si wivu wa shela, wala wa sherehe, wala wa vigelegele utakavyopigiwa. Ulipoweka nadhiri za kwanza ukanitumia picha, niliikuza kwenye simu mpaka uso wako ukajaa kioo chote, nikawa natafuta dalili kwamba na wewe kuna kitu umembania Mungu. Nilirudia siku nzima, kila nikipata nafasi. Sikukiona. 

Ndiyo maana mwezi uliopita uliponiambia, "Dada, siku ile nitasimama niwaambie watu wito huu ulikuwa wako, ukanipisha ili umuuguze baba na kutusomesha," nilisema mtandao unasumbua nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Sikukupisha, Skola. Nilitoka unovisi, kwenye malezi ya utawa, kabla sijajua kwamba baba anaumwa. Siku tuliyoambiwa tukabidhi vitu vyote tulivyotoka navyo nyumbani, mimi niliishona laini ya simu kwenye pindo la sketi. Sista mlezi akaniuliza, kwa upole tu, "Kuna kitu kimebaki, Otilia?" Nikasema, "Hapana, Sista." Usidhani kulikuwa na mwanamume. Hata mtu wa kumpigia sikuwa naye. Nilitaka tu niwe na kitu kimoja ambacho Mungu hajakishika. Miezi minne nilipiga magoti na ile laini inanigusa mguuni, huku naimba kwamba nimempa vyote. Kuitoa nikashindwa, kuendelea kuimba nako nikashindwa, nikaomba kuondoka.

Nilipofika nyumbani Lituhi nikamkuta baba hawezi hata kuinuka mkekani. Mama akanikumbatia analia, "Mwanangu, umeacha utawa kwa ajili ya baba yako." Sikumsahihisha. Nikamuuguza baba hadi tukamzika, ninyi mkakua mkiniheshimu kwa jambo ambalo sikulifanya, na mimi nikaizoea ile heshima.

Kuna lingine. Nilikwambia bosi amenikatalia ruhusa ya kuja kwenye nadhiri zako. Nilidanganya. Alinipa wiki tatu bila kusita, akaniuliza hata kitambaa cha kukuletea kiwe cha rangi gani. Mimi ndiye niliyemwambia siendi. Sikutaka kukaa benchi la mbele nikuone umelala kifudifudi pale sakafuni mbele ya altare, unatoa vyote kwelikweli. Kisha ukanitumia ule ujumbe: "Usijali dada, hapa konventi sote tunamwombea bosi wako alainike moyo." Nyumba nzima ya masista inamwombea mwanamke asiye na kosa lolote! 

Kesho yake nikamfuata bosi jikoni, nikamweleza yote. Alinitazama, akasema, "Otilia, mfanyakazi mwenzako ameshachukua nafasi ile ya likizo, mama yake anapasuliwa. Siwezi kuwaacha nyote wawili mwondoke." Ni haki yake. Kwa hiyo siji, na safari hii ni kweli.

Nakuomba siku ile usitaje habari ya kupishwa. Mungu alikuita wewe, na wewe ukaenda mzimamzima. Hukukalia kiti cha mtu. Halafu ukipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, msomee mama barua hii, usiruke mahali. Akikasirika, mwache akasirike. Alinipa sifa kwa moyo mweupe na mimi nikazipokea.

Mpe mama shikamoo yangu. Nisalimie kaka yetu mvuvi, na mkewe, mwambie nimefurahi kusikia amejifungua salama. Nisalimie shangazi wa Mbaha aliyetufundisha rozari, na masista wenzako wote, uwaombe msamaha kwa niaba yangu.

Skola, tangu mwaka jana nilikuwa naomba uchoke, urudi nyumbani, tuwe sawa. Nilikuwa naomba hivyo kila siku, huku nimeshika msalaba ulioninunulia wewe. Nimeacha. Wivu haujaisha, nisikudanganye tena. Ila jana asubuhi, baada ya kumnywesha Bibi uji, nilimwomba Mungu akushike usirudi nyuma hata hatua moja. Niliomba nikiwa nimekunja uso, lakini niliomba.

Ni mimi dada yako,
Otilia