Motokari yenye Ilikatala Pombe

Lubumbashi, Katuba
tarehe 13 mwezi wa nane 2025

Mpendwa Tantine Christiane,

Bénie ametoka sasa hivi kuingiza kilato yake ya muguu mu ndoo ya maji ya kusafisha motokari. Kisha aliona kama ile ya pili inabaki peke yake, aliionea huruma, aliiingiza nayo. Sasa amekaa chini, anaangalia vile bilato binakunywa maji, na miye ninamuacha, juu ukiona vile anafurahi hauwezi kumukaripia. Njo mutoto yako huyu, utamuona.

Ninakusalimia sana, Tantine, na heshima yote. Uliamuka namna gani? Ile muguu ya kuume ingali inakusumbua wakati wa kupanda ngazi? Na Papa Hénoc, kifua yake ilipona? Huku kwetu tuko bazima. Vumbi ya mwezi huu iko mingi, tunakohoa kidogo, lakini hakuna mugonjwa mu nyumba. Bwana yangu Adrien anakula vizuri. Miye nimenona, bantu banasema ni juu ya motokari.

Barua hii itakuletewa na Clovis, mutoto wa jirani yetu Mama Falonne, anapanda ndege kesho kuja kwenu Kinshasa. Ningekupigia telefone, lakini mu telefone weye unalia na miye ninalia, alafu inakatika, na maneno inabaki njiani. Mu karatasi ninasema yote. Utanisamehe makosa, unajua masomo yangu iliishia wapi. Na weye usisahau Kiswahili yetu juu ya Lingala ya kule.

Basi motokari ilifika. Adrien mwenyewe alienda kuichukua Kasumbalesa, ku mupaka, alilala kule katikati ya makamio ya mizigo, anangojea makaratasi yake, alirudi na uso nyekundu ya vumbi, hata Bénie alimukimbia. Ni Toyota nyeusi, ilitoka Japon, volan yake ya kuendeshea iko kuume sawa zote zenye kupitia Zambia. Bengine banasema haiko mupya, juu bantu ya Japon balishaipanda. Miye ninabaambia, hata mutoto mwenye kuzaliwa leo alipita kwanza mu tumbo ya muntu. Mu lupango yetu, hapa ku nyumba, iko mupya.

Uliniuliza siku ile nani anaisafisha. Ni miye. Adrien alitaka kuipeleka kwa bale benye kusafisha ku barabara, nilikatala. Niliona namna banafanya: kitambala moja, kutoka asubui mpaka jua inalala, inatoka ku pineu za magurudumu inaenda ku kioo na muchanga yake yote. Ile haiko kusafisha, ni kukwaruza.

Miye ninainabisha sawa vile ulinifundishaka kunabisha mutoto, kumuogesha. Ninaiweka mu kivuli, asubui, juu sabuni ikikauka ku mwili inaacha alama. Kwanza maji tupu, mingi, vumbi iende yenyewe. Ukianza kusugua pale kungali muchanga, unamuchubua mutoto. Ndoo ziko mbili, moja ya sabuni, ingine ya kusukucha eponji kila mara, muchanga itoke. Ninaanza ku kichwa, ninashuka ku mabega, ku tumbo, na miguu inakuya mwisho, na kitambala yake yenyewe. Sabuni ya kufulia nguo hapana, inakausha ngozi. Kisha ninaipangusa, siache tone hata moja. Ndani ninatosha mikeka nje, ninaipiga sawa yenye ilikosa, ninapitisha brosi ya meno mu bile bitundu bidogo bya hewa. Vumbi yenye kutoka mule utashangaa. Nilimuambia Adrien, hii ni vumbi ya Japon, tuiweke mu chupa tuonyeshe bageni. Alicheka mpaka alikaa chini.

Nyuma ya kunabisha, mafuta. Mutoto mwenye kunabishwa bila mafuta anapauka, na bantu banamuteta mama yake. Motokari pia. Nilienda ku duka, nilisema ninatafuta sire, mafuta ya kufanya motokari ingae. Muzee alinipa kikopo, nilishukuru. Kufika ku nyumba, kufungua: harufu ya bilato ya Papa siku ya misa. Alinipa sirage, ile ya kupakala bilato. Kama singenusa, ningepakala sirage motokari muzima. Nilirudisha. Muzee aliniambia, "Mama, motokari yako nyeusi, sirage nyeusi, tofauti iko wapi?" Lakini alinibadilishia.

Sire yenyewe iko sawa pomade. Unachota kidogo, kidogo kabisa, unapakala na eponji kavu, unazungusha, kipande kwa kipande. Unaacha ikauke mpaka inakuwa nyeupe nyeupe, sawa uso ya mutoto mwenye kuingia mu unga. Alafu unapangusa na flanela laini, na chini yake, Tantine, unajiona. Nilijiona na Bénie ku mugongo, na mupapai yetu nyuma. Nilisimama pale kidogo bila kufanya kitu.

Sasa nikuambie neno yenye ilinikalisha kuandika. Siku ya Mungu yenye kupita, jamaa ya Adrien ilikuya kuaroze motokari. Unabajua, ni bantu ya reli: kitu mupya haitembee mpaka bazee bamwange pombe juu yake, bankambo, bale benye kufa zamani, bapate yabo. Asubui padiri alishanyunyiza maji ya baraka, tuliona sawa inatosha. Lakini Papa Mukubwa Godefroid, ndugu mukubwa ya marehemu baba ya Adrien, yule njo alimukomalisha tangu angali mutoto, alisema padiri alisalimia Mungu, yeye anakuya kusalimia bengine.

Alikuya na veste yake, ile koti ya heshima, na chupa kubwa ya pombe. Aliita bankambo na majina yabo, kila moja, polepole. Kisha alimwanga pombe ku kapo, kifuniko ya moteri, pale mbele. Pombe ilifika ku sire yangu, ilijikusanya shanga shanga, ilikimbia huku na huku sawa bauzaji ya barabara benye kuona polisi, na yote ilienda chini. Kapo ilibaki kavu, inangaa.

Alimwanga tena. Ilikimbia tena.

"Motokari inakatala pombe yangu," alisema.

Na miye, Tantine, ulimi yangu. Nilikuwa mu furaha ya sire, niliona ni nafasi muzuri ya kumuelezea. Nilisema, "Usiogope, Papa, ni miye niliipakala dawa."

Mu maduka yote banasema vile: dawa ya bioo, dawa ya pineu, dawa ya motokari. Lakini mbele ya bazee, juu ya pombe yenye kukimbia, dawa haiko tena dawa ya duka, ni ya uchawi. Papa Mukubwa aliweka chupa chini.

"Dawa gani? Bwanga?"

"Ya kungaa, Papa."

"Ya kungaa." Alimugeukia Adrien. "Bibi yako anapakala motokari dawa ya kungaa, bankambo banakosa kukunywa, na weye unapanda mule na mutoto."

Bibi ya Papa Mukubwa, Mama Constance, alisema kule nyuma, "Labda haipendake pombe ya moto. Mulete ya baridi." Bantu balicheka. Papa Mukubwa hakucheka. Alinyoosha mukono, na Adrien alimupa ufunguo. Usimukasirikie Adrien. Muntu hawezi kunyanganya kitu mu mukono yenye ilimulisha.

"Haitembee mpaka nijue," alisema, na ufunguo ilienda naye mu mufuko ya veste.

Unaona vile iko. Weye unashuka Luano, ku uwanja ya ndege, siku ya posho, jumamosi hii. Siku uliondokaka tulikusindikiza na taksi-bisi, valizi juu ya magoti ya bantu, na weye unasimama njia muzima na ile muguu. Nilijiambia mu roho, siku atarudi atakaa mbele, ataunyoosha. Sikuombake kitu ingine ku motokari hii. Adrien alisema tutaomba ya rafiki yake Franck. Nilimujibu hapana. Tantine alinikomalisha, sitamupokea na motokari ya Franck.

Kesho yake nilimubeba Bénie ku mugongo, nilichukua kikopo ya sire, nilienda kwa Papa Mukubwa. Nilipiga magoti, nilisalimia, nilifungua kikopo mbele yake.

Nilisema, "Papa, bwanga muntu haibebake machana na mutoto ku mugongo. Unuse."

Alinusa. Alinusa tena. Alichota na kidole, alisugua, aliangalia ku mwangaza. Unajua alizeekea ku mashini za reli.

"Inakamata maji?"

"Inafukuza, Papa."

Alisimama, alileta kinga yake, ile baisikeli ya zamani, alipakala ku gidon, pale pa kushikia, alipangusa na pindo ya shati, alimwangia kikombe ya maji. Maji ilikimbia. Alibaki anaangalia.

"Iyi haiko dawa," alisema. "Iyi ni grisi. Grisi ya bantu ya mikono laini."

Mama Constance alikuwa pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo. "Miaka yote unarudi hapa na grisi mpaka ku shingo, ninakufulia, na mutoto wa bantu njo unaita mulozi."

"Sikusema mulozi."

"Ulisema bwanga. Mwenye bwanga banamuitaka nani, katekista?"

Alifanya sawa hakusikia. Aliniuliza miye, na sauti ya chini, "Na pombe? Maneno ya grisi nimesikia. Lakini bankambo habakukunywa."

Pale, Tantine, niliona kama haiko kasirani. Ni uchungu. Aliita majina ya bantu yake mbele ya jamaa yote, na aliona sawa balimugeuzia mugongo. Nilipata maneno, sijue ilitoka wapi. Nilimuambia, "Papa, bankambo beko mu udongo, habako ku kapo. Pombe ilienda moja kwa moja kwabo, hakuna tone yenye ilibaki njiani. Ku motokari zingine za vumbi, kapo njo inakunywa, bankambo banapata mabaki."

Papa Mukubwa alimushika Bénie muguu, aliutikisa kidogo, alisema atafikiri. Aliniomba kikopo ibaki kwake. Ufunguo hakutoa.

Basi niko ninangojea, lakini siko na woga. Adrien anasema tusimusukume, muzee anatembea na saa yake. Miye ninasema, muntu mwenye kubakisha kikopo haiko na kasirani tena, anatafuta tu mulango ya kupitia. Asubui hii nimeinabisha tena, hata bila ufunguo, juu vumbi haingojake bazee. Na siku ya posho itanikuta tayari.

Neno ingine, hii ya furaha. Mama Falonne aliona namna inangaa, aliniomba nifanye na motokari yabo. Nilifanya. Kisha muntu ya barabara ya pili aliuliza ni nani anafanya vile. Lupango yetu iko na kivuli muzuri na kisima. Ninafikiri polepole kama ninaweza kufanya kazi ile hapa hapa, Bénie pembeni yangu. Sijamuambia Adrien bado, nilitaka weye uanze kujua. Utanipa shauri ukifika.

Uwe na kitenge mu ndege, banasema baridi ya mule ni mubaya. Usibebe bintu mingi. Bukari, ugali yetu, iko, sombe iko, na kitanda yako nilishaipanga upande wa dirisha.

Unisalimie Papa Hénoc sana. Unisalimie mukubwa yangu Yaya Delphine na bwana yake, na mutoto yabo Chancelvie, umuambie lile rinda alituma, Bénie hapende kulivua, analala nalo. Adrien anakusalimia, Mama Constance anakusalimia, anasema ameshaanza kuhifadhi maneno ya kukuambia. Mungu akubebe mu hewa sawa yai mu mukono, akutue pole, ukute roho yetu yote nyeupe.

Ninabaki mutoto yako mwenye kukupenda mpaka haina kipimo,
Séphora, Mama Bénie

Ngoja kwanza, sijafunga barua bado. Ninasikia moteri mu lupango.

Tantine, ni Papa Mukubwa. Iko ndani ya motokari na veste yake, alirudisha ufunguo, Adrien njo anashika volan, beko banabishana juu ya radio. Kapo inangaa tena, kavu: alishamwanga pombe yake mwenyewe mbele ya miye kuinua kichwa, na yote ilienda chini kwa bankambo. Anaita mpaka majirani banatoka: "Mama Bénie, acha karatasi, leta mutoto, tuende kwanza kujua njia ya Luano. Siku ya posho haiko siku ya kuuliza njia." Mama Falonne anamuambia njia ya Luano ni moja tu, hata mbuzi inaijua. Anamujibu mbuzi haipokeake bageni.

Ninaenda. Clovis atachukua barua hivi hivi. Ukitoka nje utafute ile nyeusi yenye kungaa, tutakuwa bote pale. Papa Mukubwa anasema sasa hivi kiti ya mbele ni ya Tantine, muntu asiikalie mpaka afike, yeye mwenyewe atakaa nyuma na valizi juu ya magoti.