Dhahabu Usoni mwa Kisomaji

Samut Sakhon, 11 Juni

Kwako Shangazi Lamduan,

Natumaini magoti yamepoa na mvua za Nan hazijauharibu mpunga. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo iko mkononi.

Trei zetu za samaki wa makopo sasa zina lebo za redio. Trei ikipita, kisomaji kinainasa namba yake na kuipeleka kwenye mtambo wa kudhibiti, nao unaifungulia njia ya tanuri lake. Papo hapo namba inatokea kwenye kompyuta yangu. Tangu jana hakitokei kitu. Trei tunazisukuma kwa mkono. Fundi Withun amebadilisha nyaya zote, sasa anasema, "Rawiwan, orodha yako ya namba ndiyo mbovu." Tarehe 21 mwenye kiwanda anakuja kukagua. Mambo yakikwama, mimi karani wa majaribio ndiye nitakayefunga virago.

Sababu ninaijua, Shangazi. Juzi, mtawa alipomaliza kuibariki mitambo, msimamizi wetu, mzee ambaye sote tunamwita Mjomba Bunloet, alikibandika kisomaji karatasi za dhahabu hadi kikang'aa kama sanamu ya hekaluni. Mawimbi ya redio hayapenyi dhahabu. Lakini mimi ni nani nimwambie mzee abandue baraka?

Binti wa kaka yako,
Rawiwan

Nan, 15 Juni

Mwanangu mwoga,

Magoti yanauma, mdomo haujambo.

Ulipokuwa na miaka sita ulimwona nyoka jikoni ukanyamaza, mpaka nusura nimkalie. Ukasema, "Sikutaka kukatiza maongezi ya wakubwa." Adabu yako itatuua!

Baraka haibanduliwi, ila yaweza kuhamishwa. Mwendee mzee akiwa peke yake, na shada la maua. Usimwambie amekosea. Mwombe msaada.

Shangazi yako

Samut Sakhon, 21 Juni

Shangazi mpenzi,

Vipi hali, umekula? Mimi nimekula mara tatu leo, kwa furaha.

Juzi nilimkuta Mjomba Bunloet akila wali nyuma ya ghala. Nikampa shada la asumini.

"Mjomba, nisaidie. Kisomaji hakisikii."

"Kwa sababu ya dhahabu yangu?"

Nikainama.

"We mtoto! Siku zote hizi umenitazama tu?" Akacheka hadi wali ukampalia.

Alikiinamia kisomaji kwa viganja vilivyounganishwa, akakiomba radhi, akakifungua kifuniko chake chenye dhahabu, akakipachika kifuniko hicho kwenye mlango wa kabati la mtambo wa kudhibiti. Withun akatia kifuniko kipya. Trei ya kwanza ikapita: 0147! Kiwanda kizima kikapiga kelele. Withun aliniomba msamaha kwa ndizi za kukaanga.

Leo mwenye kiwanda amehesabu trei arobaini. Hakuna iliyopotea njia. Nimeajiriwa rasmi.

Nilimuuliza Mjomba mbona alibandika dhahabu nyingi vile. Alishusha sauti. "Nilisikia mtambo huu utafanya kazi ya watu kumi. Nikauomba utuhurumie. Niliona aibu kumuuliza fundi."

Shangazi, kumbe tulikuwa waoga wawili! Nikamketisha kwenye kiti changu, nikamwonyesha kwenye kompyuta lilipoandikwa jina lake: tanuri haliwaki mpaka yeye abonyeze. Akabonyeza. Akageuka, akawapigia wenzake kelele: "Njooni muone! Linanisubiri mimi!"

Binti yako,
Rawiwan