Ufunguo wa Pikapu Yako Nimempa Mkeo

Mpwa wangu Rama,

Nakuandikia nikiwa nimechoka. Ningekuwa na nguvu ningekuja makaburini nikuambie kwa mdomo, maana kwa mdomo unanijua, sijashindwa na mtu Handeni nzima wala Korogwe. Lakini magoti hayataki tena safari. Darasa la nne langu hili linatosha kuandika, na wengine wakisoma wasome. Habari yenyewe ni hii: mkeo Mwajuma alikuwa anautaka ufunguo wa pikapu, na mimi mpaka juzi nilikuwa namnyima.

Unakumbuka ulivyoileta nyumbani? Ikiwa tupu ni farasi. Ukiipakia mahindi ya Handeni kuyapandisha Dindira mlimani, inatoa moshi mweusi na watu wa miguu wanaipita wakituamkia. Mimi nikasema iuzwe. Wewe ukafungua boneti, ukanionyesha ile intakula, kile kipoza upepo, kimekaa juu kabisa ya injini.

"Mjomba, hiki wamekiweka juu ya jiko. Kitapoza nini?"

Ukanieleza kwamba turbo inasukuma upepo, na upepo ukisukumwa unapata moto, na upepo wa moto hauna uzito, injini inaula haishibi. Nikakwambia hayo nayajua tangu ujana wangu Mashewa, nilipokuwa najaza baiskeli upepo mpaka pampu inaniunguza kiganja.

"Basi turbo uliigundua wewe, mjomba."

Sikubisha. Na hapo Mkumbara, kwenye gereji tuliyoipeleka, wapo wanaoamini hivyo mpaka leo, maana niliwaambia mimi.

Zile siku za Mkumbara, Rama, ndizo ninazozirudia nikikosa usingizi. Intakula kubwa ya gari bovu ukaipata, pana kama meza ya kulia. Fundi yule Msambaa, mtani wangu, akakata chuma cha mbele kwa grenda ili ikae pale inapopigwa na upepo wa barabarani. Mabomba ya zamani, ya plastiki yenye nyufa, yakatupwa. Mkaunda mapya ya aluminiamu, manene, yanayozunguka kutoka kwenye turbo mpaka mbele na kurudi kwenye injini, kila kiungo na mpira wake na klipu zake mbili. Mtani hakunyamaza siku nzima.

"Mzigua na turbo wapi na wapi? Nyinyi kazi yenu kuhesabu mawingu mpate mvua."

"Na nyinyi mlimani mnalima huku mmefungwa kamba msidondoke. Kaza klipu hiyo."

Kumbe pale pa kukaza klipu, midomo ya mabomba ilikuwa imepakwa grisi ili mipira iingie kwa urahisi, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye mabomba ya maji kule kwenye vinu vya mkonge. Mimi nasema alipaka mtani. Yeye alisema nimepaka mimi. Wewe ulisema watani wote wawili ni mzigo kuliko mahindi.

Tulipofika kwenye kona kali ya kupandia Dindira, gari limejaa, pakasikika mlio kama gunia limepasuka. Mpira umeteleza kwenye grisi, bomba limechomoka, gari halina pumzi. Klipu moja imeruka porini. Hapo ndipo nilipotoa kamba yangu ya katani. Wewe ukafuta grisi yote kwa shati lako, ukabakiza klipu moja mahali pake, nami nikazungusha kamba na kuikaza kama baba yangu alivyokuwa akifunga marobota shambani kwa Wazungu. Tukapanda. Nikisimulia, nasema kamba ile ilikwenda Dindira, ikashuka Korogwe, ikaingia Handeni na kurudi mara saba. Wewe uliniacha nimalize, halafu ukawaambia watu polepole:

"Kamba ilifika Dindira. Handeni mjomba aliipeleka kwa mdomo."

Walicheka sana. Na mimi nilicheka, ingawa nilinuna kwanza.

Kisha homa ikakuchukua. Siku ya kumaliza matanga wazee wakanitia ufunguo mkononi. Kwetu Wazigua mpwa ndiye anayeshika vya mjomba, unalijua hilo. Mimi nikakaa pale mkekani nimeshika cha mpwa, mambo yamegeuka miguu juu, sikupata neno la kusema. Mimi, Rama. Nikakosa neno.

Tangu hapo naendesha. Mgongo unaniuma kutoka Korogwe mpaka nikifika Dindira, na wiki nyingine gari halitoki kabisa, kabichi za watu zinaozea juu huko. Mwajuma akaja.

"Shikamoo mjomba. Leseni ninayo, gari alinifundisha mwenyewe. Naomba ufunguo."

"Marahaba. Mlima ule si wa mchezo, mkwe."

"Njaa ya watoto nayo si ya mchezo, mjomba."

Nikamfukuza kwa adabu. Akarudi, nikamfukuza tena. Si kwamba nilimdharau. Kila nikishika usukani naona kama umenituma mahali. Nikajiuliza, nikimpa yeye, nani atanituma tena mzee mzima kama mimi? Hilo sikumwambia. Nilimwambia breki ni mbovu.

Juzi akanikuta nimeegemea mlango wa pikapu, nimeshindwa kupanda. Goti limegoma. Alifungua boneti, akachukua bisibisi, akapima klipu moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa imelegea. Akaivua, akaufuta mdomo wa bomba kwa kitambaa kikavu mpaka ukang'aa, akaurudisha mpira, akakaza. Nikampa ufunguo. Akanishika mkono, nikazunguka, nikakaa upande wa abiria.

Ungetaka nikusimulie gari lilivyopanda. Ningependa niseme lilipaa, kwamba malori yalitupisha. Sina la kusema, Rama. Tulipoiacha lami nilifumba macho kidogo tu. Mwajuma aliponigusa bega tulikuwa Dindira, injini imezimwa, baridi inaingia dirishani, na watu wanashusha mahindi.

Basi mpwa wangu, nakuacha upumzike. Na mimi nakwenda kujinyoosha.

Mimi mjomba wako,
kaka wa mama yako.