Buyu Lako Lilikataa Kusema

Susu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini bibi aliyenilea siwezi kumwanzia maneno bila shikamoo. Nina kesi na wewe. Nitafika huko, ila kwanza nikupe habari za nyumbani tangu tukuzike.

Kyalo anaoa. Ndiyo, mjukuu wako huyo huyo uliyesema atakufa amelala kwenye kiti. Amempata binti wa mzee Nzioki, kule Lukore. Mzee hakutusumbua kwa mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea. Alichotaka hasa ni pombe ya asali. Alisema aliwahi kuinywa yako, na kwamba pombe isipokuwa ya buyu la nyumba ile, yeye hamjui Kyalo wala hamjui aliyemzaa. "Mkiniletea chupa za dukani," akasema, "mtarudi nazo, na mbuzi wenu." Unawajua wazee wetu wa Kikamba. Hawa tuliohamia Kwale ndio wabaya zaidi, wanashika mila kwa meno wasije wakaambiwa wamemezwa na pwani.

Basi kazi ikawa yangu, kwa kuwa buyu uliniachia mimi. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Asali ya Kinango. Maji nikayachemsha, nikayaacha yapoe hadi kidole kikavumilia. Nikatumbukiza miatine, yale matunda makavu ya mvungunya yanayobeba chachu, niliyoyakuta kwenye kapu juu ya dari yako. Nikafunika, nikaliweka buyu karibu na jiko, nikangoja. Ulikuwa ukisema pombe iliyo hai husema, mtu ategee sikio tu. Asubuhi nikatega sikio. Kimya. Kesho yake kimya. Nikaonja, ni maji ya asali vile vile, matamu kama ya kumnywesha mtoto mwenye kikohozi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kunitembeza.

Nilimshuku muuza asali kwanza, kwamba ameniuzia sukari guru iliyochemshwa. Nikashuku tangi la maji. Nikamshuku Kyalo mwenyewe, maana kila akirudi kutoka Ukunda ananiuliza kama pombe imeamka, na nikimjibu bado naona kama anapumua kwa raha. Bwana harusi gani huyo? Nikamshuku hata Bi Saumu, jirani yako. Yule mama wa Kidigo na swala zake tano, pengine anamwomba Mungu haramu isifanikiwe karibu na ua wake. Nisamehe, Susu. Mtu akishuku hachagui.

Nikajaribu hamira kwenye jagi, pembeni. Ilifura, ikatoa povu. Kyalo akanusa, akaniuliza kama tunampelekea mkwewe pombe au mahamri. Nikaimwaga.

Lakini ukweli ni kwamba tangu mwanzo kulikuwa na mtu mmoja moyoni, na hao wengine nilikuwa nawazunguka tu. Shangazi Ndinda. Binti yako wa kuzaa. Ulipolazwa Msambweni ukaniambia mbele yake kwamba buyu ni langu, niliuona uso wake ukikunjika. Siku ya matanga aliosha vyombo vyako vyote na wale wanawake, kisha akaondoka bila kuniaga. Nyumba yake ni ile pale, moshi wake naupumua, na hatujasemezana tangu siku ile. Nikayatoa yale matunda kwenye buyu, nikayanusa. Hayakuwa na ule uchachu wa mikono yako. Yalinuka mti mtupu. Nikasema, basi, ameyaosha kwa sabuni ameua chachu yote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamtegea. Jioni nilimwaga majivu mlangoni mwa jiko, nikayasawazisha kwa ufagio. Alfajiri nikakuta unyayo. Ule wa kulia, wenye kidole gumba kilichopinda nje tangu alipojikata na jembe. Wa Ndinda, hakuna mwingine. Nilijiona nimempata mchawi wangu.

Bi Saumu alinikuta pale pale nimesimama na ufagio. Nikamweleza yote. Akasema dhana mbaya ni dhambi, mwanangu. Pombe yenu siijui na sitaki kuijua, akasema, lakini unga wangu wa vibibi usipoumuka siendi kwa mganga, naenda kwa jirani kuomba chachu. Akaikaza kanga yake akaenda zake. Nikabaki nimeudhika, kisha neno lile likaanza kunikereketa.

Kuomba. Wewe ulikuwa hupeleki chachu kwa mtu hata siku moja. Wanawake walikuja kwako na sahani, wakapiga magoti, wakaomba, ndipo ukawapa tunda. Ulisema chachu ikipelekwa bila kuombwa inakwenda kufa, na aliyeipeleka amejipendekeza. Nilidhani ni maringo yako tu.

Nikachukua sahani. Niseme kweli, nilikwenda kwake kupeleleza. Nilitaka nione atakavyogeuza macho nikimtajia chachu. Nikapiga magoti uani kwake, nikasema, "Shangazi, naomba chachu," huku nikimkodolea macho kama askari.

Aliingia ndani, akatoka na furushi lililofungwa kwa leso yako ya bluu, ile iliyochanika pindo. Akalifungua. Matunda yako, Susu. Meusi, makavu, yamekunjamana, na ile harufu kali ikanipanda puani hadi nikalia. Nilidhani ulikuwa umesimama nyuma yangu.

Akaniambia ulimpa wewe, kabla hata hujalazwa. Kwamba yale ya darini yalikuwa mapya, hayajawahi kuonja asali. Kwamba ulimwambia, "Ukiombwa, toa. Usipoombwa, nyamaza." Na amenyamaza, mama wa watu, mkaidi kama aliyemzaa. Alikuwa akiingia jikoni kwangu alfajiri kutega sikio kwenye buyu, aone kama nimefika mwisho wa kiburi changu. Na yeye alikuwa akinishuku mimi. Alidhani ninajua kila kitu, na ninamwadhibu kwa kutomwomba.

Tuliyatia pamoja. Akalifunika buyu kwa leso yako kwa sababu ya baridi ya kipupwe, tukakaa kwenye vigoda tukimenya mihogo. Kabla jua halijawa kali alinivuta mkono akaniinamisha. Buyu lilikuwa likisema. Taratibu, kama mafuta yanayoanza kupata moto.

Mzee Nzioki alimwaga kidogo chini kwa ajili yenu mliotangulia, akanywa, akaizungusha mdomoni mpaka Kyalo akalowa jasho. Kisha akanyoosha pembe ya kunywea aongezewe. Binti ni wetu.

Sasa kesi yangu. Nilimshuku kila mtu ila wewe. Buyu ukanipa mimi mbele ya watu, ili Ndinda anune. Chachu ukampa yeye kwa siri, ili mimi nikwame. Wewe uliyekuwa ukikumbuka deni la chumvi la mtu aliyekwisha kufa, usiniambie ulisahau kunieleza. Ulijua tutanuniana. Ulituwekea mtego na majivu yake, kisha ukaenda kulala. Na kama kweli ulisahau tu, Susu, kwa sababu ya maumivu na zile dawa, hilo linaniuma zaidi, kwa hiyo naona bora niendelee kukushuku.

Ndinda amesema nibaki na matunda pia. Nimekataa. Nakuahidi, buyu litakaa kwangu na furushi litakaa kwake, na kila nikitaka kupika nitachukua sahani nivuke ua, nipige magoti. Nami siku yangu ikikaribia nitawagawia watoto wa Kyalo vivyo hivyo, nisimwambie mtu.

Pumzika, bibi yangu. Ndinda anakusalimu. Yuko hapa jikoni, ametega sikio.

Mjukuu wako,
Mwende