Tundu la Saba

Karangtirto, Demak
Jumapili, baada ya Asri

Kwa shemeji yangu mpendwa Ghufron,

Assalaam alaykum. Habari za Batam, na habari za afya yako? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila vidole vina vidonda vya maji ya chumvi. Mama naye yupo. Anakula kidogo, analala kidogo, na kila jioni ananiuliza kama simu yako imewashwa. Namjibu bado. Hainui uso, anaendelea kuchambua mchele.

Barua hii anakuletea Mas'ud, mpwa wa mwenyekiti Kasmadi, anayekuja huko kutafuta kazi kwenye karakana za meli. Nimemwambia aitie mkononi mwako, asimwachie mtu wa chumba cha jirani. Naandika kwa mkono kwa sababu simu umeizima na kwenye kundi la familia umejitoa. Sababu naijua. Tangu tulipomzika kaka yako Rokhim, mume wangu, umeamini kwamba ni wewe uliyemuua. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo uamue kama hutarudi tena nyumbani.

Kwanza habari za hapa. Bahari imeingia tena mpaka ndani, nasi tumemwaga udongo mwingine kuinua sakafu. Sakafu inapanda, dari iko palepale, kwa hiyo nyumba inafupika. Unakumbuka Rokhim alivyopanda juu ya kiti kuitundika ukutani ile swichi ya mtandao inayogawia mtaa intaneti, ukamcheka kwamba anaificha panya wasijue kuna intaneti? Sasa iko sawasawa na uso wangu. Nikipita, taa zake za kijani zinanipepesea karibu na shavu. Fremu ya mlango wa mbele nayo imeshuka hadi vichwani mwetu. Rokhim alikuwa ameizungushia kipande cha shati lake la zamani, lile la mistari, ili Mama asijigonge. Kipande hicho bado kipo.

Majirani wanahama. Wanaopakana na tuta la bahari karibu wote wameondoka, na waliobaki wanasema wanangoja tu wapate pa kwenda. Kila nyumba inapohamwa, mimi ndiye ninayeikata kwenye mtandao, maana kazi ya kaka yako nimeirithi mimi. Nafungua ile laptopu yake yenye herufi iliyong'oka, naandika anwani ya swichi kwenye kivinjari, naweka nenosiri, na ukurasa unafunguka na matundu yake yote kwa safu. Kila tundu alikuwa amelipa jina. La kwa jirani yetu Bu Zumaroh aliliandika Mdomo, la kwa mwenyekiti Tumbo. Nililia nilipoyaona mara ya kwanza, halafu nikacheka, na sikuyabadilisha.

Siku niliyokabidhiwa kazi hii, mwenyekiti alisema mbele ya watu kwamba Muslikah anajua kugeuza samaki juu ya moshi, sasa anataka kugeuza intaneti, basi tusishangae ikianza kunuka. Bu Zumaroh akamwambia bora inuke kuliko kukosekana, kwa sababu mumewe akikosa mpira wa kutazama anaanza kukosoa mapishi. Watu wakacheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika kicheko katika nyumba hii tangu msiba. Nami nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikakaa huko.

Sasa ile Ijumaa. Wewe unaijua kutoka Batam, acha nikueleze kutoka hapa.

Tundu la king'ora cha mafuriko, lile la nne, lilikuwa limeliwa na chumvi. Asubuhi ile ulifungua ukurasa wa swichi kutoka huko huko, ukalitayarisha tundu jingine, ukazungumza na kaka yako kwa simu, akachomeka waya, king'ora kikalia. Bu Zumaroh alitoka na povu la sabuni kichwani akiuliza maji yako wapi, ampige nani. Mlicheka wote wawili. Mchana umeme ukakatika, ukarudi. Kila kilichokuwa hakijahifadhiwa kikafutika, na tundu lililoshika king'ora likajifunga. Hakuna aliyejua. King'ora kilichokufa na king'ora kinachongoja vinanyamaza vilevile.

Na wewe unajua desturi yetu. King'ora kikilia, hata kabla ya kunyanyua godoro, wa kwanza kusikia anakimbilia mita kuzima umeme. Siku ile bahari iliruka tuta alasiri, na mita haikuguswa na mtu. Mimi nilikuwa kwenye banda la samaki. Rokhim alikuwa amejilaza baada ya sala ya Ijumaa, Mama akamwita kwamba magunia ya unga yanalowa. Alishuka jikoni. Pampu ilikuwa imechomekwa chini, majini, na umeme haujazimwa. Mengine unayajua, sitayarudia.

Kabla udongo wa kaburi haujakauka, mwenyekiti alikwenda kutazama swichi na mtu mmoja anayejua mambo hayo kidogo. Wakaona tundu lenye waya wa king'ora limefungwa. Akarudi akasema mbele ya waombolezaji kwamba kijana wa Batam alibadilisha mambo akasahau kuhifadhi. Ulipopiga simu ukasema hukumbuki, kwamba unadhani ulihifadhi lakini huwezi kuapa. Mama akakuambia yale aliyokuambia. Nilikuwa chumba cha pili, niliyasikia. Nami niliamini kama wengine.

Juzi nilikuwa nataka kulifunga tundu la familia ya Sarmin, waliohamia Kudus. Nikabofya vibaya, nikalifunga tundu la pili, ambalo ndilo la laptopu yenyewe. Ukurasa ukaganda. Nikabofya tena na tena, hakuna. Nilipiga simu kwa Koh Hian wa duka la vifaa mjini, aliyetuuzia swichi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, Bu Mus, umejifungia nje na ufunguo uko mezani. Akaniuliza kama nilikuwa nimehifadhi. Nikamwambia hapana, hata sikufika huko. Akasema hiyo ndiyo salama yangu, nichomoe waya wa umeme wa swichi, nivute pumzi, nirudishe. Nikafanya hivyo. Ilipoamka, ilikuwa kama nilivyoikuta asubuhi. Akanieleza kwamba mafundi wengi hawahifadhi papo hapo. Wanabadilisha, wanaiacha kwanza waone, na ikigoma wanachomoa umeme irudi ilikotoka. Akasema, hata marehemu mumeo alikuwa hivyo, nilimfundisha mimi.

Ghufron, nilikaa sakafuni na simu mkononi.

Kwa sababu asubuhi ile, mlipomaliza kuzungumza na ukakata simu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nafunga wali kwenye jani la mgomba wa kwenda nao bandani. Rokhim alichungulia lile tundu ulilompa, la tano, akasema na hili limeanza kuota kijani, chumvi inatembea. Akachomoa waya, akaketi kwenye laptopu, akalifungua tundu la saba lililo pembeni pakavu, akauchomeka huko. Taa ikawaka. Akanyoosha mgongo akaniambia tuiache ilale usiku mmoja kwanza; ikileta ukaidi nachomoa umeme, inarudi kama Ghufron alivyoiacha. Nilimuuliza kama anataka tempe ya soya iliyobaki. Akasema anataka. Mimi mambo ya swichi sikuwa nayajua, kwangu yale yalikuwa maneno ya mwanamume na mashine yake.

Nikainuka nikafungua ukurasa upya. Tundu la tano liko wazi mpaka leo, limeandikwa King'ora, kwa herufi kubwa kama unavyoandika wewe. Nililiona tangu siku ya kwanza nikadhani ni la zamani. Umeme umekatika hapa mara ngapi tangu siku ile, nalo halijafutika. Wewe ulihifadhi, shemeji. Kazi yako ilikuwa kamili. Waya haukuwa tena pale ulipouacha, na la saba kaka yako hakuwa amelihifadhi.

Nilimweleza Mama jioni ileile. Alisogeza ungo wa mchele kando. Kisha akasema kwamba Ijumaa ile mchana feni ilisimama, akajipepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka ikaanza kuzunguka tena, na Rokhim aliporudi kutoka msikitini hakumwambia, maana nani husimulia umeme kukatika katika nyumba hii? Alilisema hilo akitazama ukuta. Halafu akaniomba nisikuandikie. Alisema Rokhim hawezi kujibu tena, watu wakimsema atajiteteaje. Ghufron yuko hai, ana mgongo, ataubeba. Na ni kijana, atasahau.

Ni mama mkwe wangu, na amezika mwana. Lakini jioni iliyofuata aliniuliza tena kama simu yako imewashwa, nami nikaacha chakula nikatafuta kalamu. Kwa hiyo ujue kwamba Mama hajui ninaandika. Yuko hapa nyuma ya pazia, anadhani naandika orodha ya vitu vya kisomo.

Kwenye kisomo cha siku mia tangu msiba, baada ya dua na kabla ya chakula, nitasimama niseme mbele ya watu walewale waliosikia maneno ya kwanza. Nitasema kaka yako alifanya kama mafundi wanavyofanya, na kwamba wewe hukusahau kitu. Mwenyekiti akitaka kukasirika akasirike. Mama sijui atafanya nini. Huenda akaacha kuzungumza nami. Ninampenda Rokhim kuliko wote watakaokaa kwenye mkeka ule, na bado nitasema.

Jambo la mwisho. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kugusa king'ora; jana nimelifungua tundu la saba kwa mkono wangu, nikaandika jina, nikabofya kuhifadhi. Kisha nikachomoa umeme, nikarudisha, nikamwambia Mas'ud akainue kule kwenye tuta lile boya linaloamsha king'ora maji yakipanda. King'ora kikalia. Mtaa mzima ukakimbilia mita, na Bu Zumaroh akaja kunitukana kwamba amemwaga mchuzi wa watu watano kwa ajili ya majaribio yangu. Nilipoingia ndani kumwambia Mama kwamba hakuna maji, nilimkuta kitandani amekunja miguu yake juu, ameikumbatia, anatazama sakafu kavu. Nilikaa naye hivyo mpaka king'ora kiliponyamaza.

Nisalimie wenzako unaokaa nao. Bu Zumaroh anakusalimu na anasema ukija ulete viatu vya mpira, vya hapa havifai. Mama hajanituma salamu, lakini godoro lako amelianika.

Njoo kabla ya kisomo kama utapewa ruhusa. Usipopewa, washa simu jioni moja tu. Na ukija, ukifika mlangoni, inama. Nyumba si ile uliyoiacha.

Ni mimi shemeji yako,
Muslikah